Bima wamekupimia Land Rover yako bei ya skrepa? Usisaini kwanza, fanya hivi

Niseme mapema, hii inawahusu wenye bima kubwa. Kama una bima ndogo, gari yako mwenyewe hailipwi na bima yako hata iwe ya dhahabu, hapo unamfuata aliyekugonga na bima yake.

Mimi nina Land Rover 109 ya 1982, Series III, ile ndefu, nilikuwa nabebea wageni Mikindani na msimu wa korosho inapanda Newala. Injini yake ya mwanzo ilishakufa zamani nikaweka 200Tdi, injini ya dizeli. Mwezi wa kumi mwaka juzi nikiwa karibu na Mnazi Mmoja ya Lindi, Fuso limejaa magunia likaovateki kwenye kona, nikalikwepa nikaingia mtaroni, gari ikapinduka, na lile Fuso halikusimama hata. Mimi nikatoka na bega tu, chasisi ndo ikapinda.

Asesa, yule anayetumwa na bima kukagua gari na kupima hasara, akaja yadi, kijana mstaarabu tu, akazunguka gari mara moja, akapiga picha nne, akaniambia "mjomba, hii gari imenizidi umri." Wiki mbili baadae barua: gari haitengenezeki, thamani yake sokoni milioni 8, toa eksesi (kile kipande cha hasara unachobeba mwenyewe) asilimia 5, njoo uchukue 7,600,000 na mabaki yanabaki kwao. Wakati mimi nilikatia milioni 22 na walinikata asilimia 3.5 ya hiyo hiyo 22, yani laki saba na sabini kabla ya VAT, na siku ile hakuna aliyesema gari ni kuukuu.

Sasa ukipewa barua kama hiyo, kitu cha kwanza usisaini. Kuna fomu wanakuletea ina maneno kama "malipo kamili na ya mwisho", ukishaweka saini hapo umejifungia mlango mwenyewe. Watakuambia saini tu mjomba hela inaingia Ijumaa. Ijumaa zipo nyingi. Jibu kwa maandishi, hata meseji, kwamba umepokea barua na hukubaliani na thamani, unaomba ripoti ya asesa. Basi, usiandike hasira.

Pili tafuta mkataba wa bima wenyewe, sio kavanoti (kile cheti kifupi cha bima) na sio stika, ule wa kurasa nyingi ambao ulitupa kwenye droo. Angalia umeandikwa watakulipa thamani ya soko siku ya ajali au thamani mliyokubaliana. Wengi wetu tuna ya soko. Maana yake ile 22 yangu haikuwa ahadi, ilikuwa dari tu, wanalipa mpaka hapo na sio lazima wafike. Nilivyoelewa hivyo niliumia lakini ilinisaidia, manake nilikuwa naenda kupigana na hoja ya "nilikatia 22 nipeni 22", na hiyo hoja wanaipangua kwa dakika moja. Vita yako ni kuonyesha sokoni gari kama ile inauzwaje.

Na hapa kuna mtego, soma taratibu. Kama gari haijafa kabisa, ni ya kutengenezwa tu, halafu wewe kwa kujisifu unawaandikia kwamba gari yako ina thamani kubwa kuliko uliyokatia, umejichoma. Mikataba mingi ina kipengele cha bima pungufu. Mfano gari ya milioni 24, wewe ukaikatia 12 ili ulipe kidogo, matengenezo yakaja milioni 6, watasema umekata nusu basi tunakulipa nusu, milioni 3, na bado eksesi haijatoka. Kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta ushahidi wa bei, jua kiasi ulichokatia na usilenge juu yake. Gari ikifa kabisa pia huwezi kulipwa zaidi ya ulichokatia, sasa kudai 30 wakati ulikatia 22 ni kupoteza muda na kuonekana mjanja.

Tatu ripoti ya asesa. Iombe kwa barua, na uombe pia orodha ya magari aliyolinganisha nayo. Mimi nilipoipata nilicheka mwenyewe. Gari ameiandika ya petroli, chasisi fupi. Yangu dizeli na ndefu! Na amelinganisha na Freelander mbili, gari ndogo za kisasa tofauti kabisa na yangu, kisa zote zimeandikwa Land Rover. Jamani ni sawa na kupima bei ya mbuzi kwa kuangalia bei ya kuku kwa vile wote wanafugwa. Series III iliacha kutengenezwa 1985, haishuki bei kila mwaka kama hizi gari za kawaida, ikiwa nzima wenye nayo wanaibania. Lakini asesa anajaza fomu ileile anayojazia IST, anaweka umri, anakata asilimia, anapata namba. Sio lazima awe mbaya, hajui tu alichokiona. Kazi yako ni kumfundisha kwa karatasi.

Kwa hiyo pitia ripoti mstari kwa mstari na kadi ya gari mkononi: modeli, mwaka, mafuta, namba ya chasisi, namba ya injini, viti. Hapo kwenye injini ndo niliokoka, manake nilipobadilisha nilienda TRA wakabadilisha kwenye kadi. Kama wewe ulibadilisha injini chini ya mwembe ukakaa kimya, tegemea watakuuliza kwanini hukuwaambia, na swali hilo linaweza kuua klemu nzima, yani madai yako yote, sio bei tu.

Halafu ushahidi wa bei. Tafuta magari kama lako yanayouzwa, matano hivi, yakiwa matatu mazuri inatosha. Mtwara na Lindi hutayapata, nenda mitandaoni angalia Dar na Arusha, piga skrinshoti yenye tarehe na bei na namba ya muuzaji. Wale wa Arusha ndo wenyewe, Oktoba 2024 walikusanya Land Rover mpaka dunia ikaangalia, ukiingia kwenye magrupu yao utapata mtu aliyeuza kweli. Na hiyo ya "kweli" ndo ya thamani, kwa sababu bei ya tangazo asesa atasema ni ya kuombea tu. Mimi nilipata mkataba wa mauziano wa mtu mmoja, akaficha majina akanitumia, ulikuwa na uzito kuliko matangazo yote manne. Na ukilinganisha uwe mkweli, kama ile gari ina viti vipya na yako ilikuwa imechanika, punguza mwenyewe kwenye hesabu kabla hawajakupunguzia, wanakuamini zaidi.

Kama gari yako ni ya kuagiza, labda kambavani au lori la jeshi la zamani, ingia kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika uone kuileta nyingine leo kodi yake ni ngapi, ukijumlisha na bei ya kule unapata gharama ya kuipata tena. Sio bei ya soko moja kwa moja ila inamshtua mtu.

Hali ya gari kabla ya ajali ndo watu wengi wanakwama. Bodi ya Land Rover hizi za zamani sehemu kubwa ni aluminiamu, hailiwi na kutu kama bati, kinacholiwa ni chasisi ya chuma, hasa sisi tunaopumua chumvi ya bahari kila siku. Anayeijua hii gari hahangaiki na rangi, anainama chini. Fundi wangu anayo nyundo ndogo, anagonga chasisi kidogo kidogo kuanzia mbele mpaka nyuma anasikiliza, chuma kizima kinalia ngaa, kilicholiwa kinalia du kama debe lenye mchanga. Nilikuwa na video ya hiyo kazi, dakika mbili, ya miezi mitano kabla ya ajali, nilimrekodi kwa utani tu. Niliiweka kwenye flashi nikaambatanisha. Wewe tafuta zako kwenye simu: picha za safari, za harusi, hata ile umemkalisha mtoto kwenye boneti.

Risiti za EFD ukiwa nazo safi. Fundi wa chini ya mwembe hana EFD, basi aandike kwa mkono alifanya nini, lini, kwa shilingi ngapi, asaini aweke namba ya simu, na wewe utoe taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha ulimtumia hizo hela. Tarehe zikioana, ni ushahidi. Ukiweza mlipe asesa mwingine mwenye leseni ya TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, aandike ripoti yake, ila ulizia kwanza ameshawahi kukagua gari za hivyo, la sivyo utalipa ujinga uleule mara mbili.

Barua yenyewe iwe fupi. Yangu ilikuwa hivi:

"Rejea barua yenu ya tarehe fulani, klemu namba fulani. Sikubaliani na thamani ya sh. 8,000,000. Ripoti ina makosa matatu: (1) gari ni dizeli, sio petroli, angalia kadi, (2) ni chasisi ndefu ya inchi 109, sio fupi, (3) magari mliyolinganisha ni Freelander, si aina hii. Naambatanisha mauziano moja na matangazo manne ya Series III 109, pamoja na ushahidi wa hali ya gari kabla ya ajali. Kwa ushahidi huu thamani ni sh. 19,500,000. Naomba mkague upya, na kama hamkubali mnieleze kwa maandishi ni kipi mnachokikataa na kwanini."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama ulikata kupitia wakala au broka mpe nakala na yeye, alikula kamisheni, asukume.

Walirudi na milioni 14, nikakataa kwa adabu, nikawaambia nitaenda TIRA ofisi ya kanda hapa Mtwara. Hilo sio tishio, ndo njia yenyewe. Malalamiko yakishindikana kwa kampuni unaenda TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kazi yake ni hizi kesi bila kwenda mahakamani. Ndo maana ya ule muhuri, utaonyesha ulianzia kwao. Mimi sikufika huko, walinipigia wakasema 18.5.

Mabaki yasikupite. Gari isiyo ya kawaida mabaki yake ni hazina: injini, gia boksi, difu, milango. Waulize wanayauza bei gani uyachukue wewe, wakate kwenye malipo. Kwangu walitaka milioni 3 tukaishia 2. Kwa hiyo 18,500,000 toa eksesi 925,000, toa 2,000,000, nikapokea 15,575,000 na Land Rover yangu iliyopinda nikairudisha nyumbani juu ya lori la kokoto. Fundi anatafuta chasisi.

Nikiikatia tena nitaomba thamani ya makubaliano, iandikwe kwenye mkataba, na picha za chini ya gari na kadi nawatumia kwa imeili siku hiyohiyo kabla sijalipa. Kuna kampuni zitakataa gari ya umri huo. Nitazunguka tu mpaka nipate.