Dereva wa ambulensi anakimbiza gari na we uko nyuma na mgonjwa: mi huwa nafanya hivi

Mi ni nesi, nimesindikiza wagonjwa wa rufaa miaka mingi sasa, safari nyingi ni barabara ya Dodoma kwenda Morogoro ambako usiku kucha unapishana na malori ya Rwanda na Kongo. Manesi na matabibu wapya wananiuliza sana hili swali, kwa hiyo naandika mara moja.

Kuna usiku tumembeba mama katoka kujifungua, damu inamtoka, mi nimepiga magoti nasugua mfuko wa uzazi, jamaa kaovateki malori mawili kwa mpigo karibu na Dumila, tuta hakuliona. Mtungi wa oksijeni ambao sikuufunga (kosa langu hilo, nakiri) ukaruka ukatua karibu kabisa na mguu wa bibi aliyekuwa anamsindikiza mwanae, alafu kanyula, kile kibomba cha dripu kwenye mshipa wa mgonjwa, ikachomoka. Ikabidi tupaki pembeni nitafute mshipa upya kwa tochi ya simu, dakika kama kumi hivi, mishipa yenyewe imeshalala. Yani mbio zote zile tukazilipa palepale.

Hatua ya 1: mwambie dereva amebeba nini, kabla hajawasha gari

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo tunairuka. Dereva hamuoni mgonjwa. Sisi tunapanda nyuma tunabamiza mlango "twende twende twende!" unadhani yeye huko mbele anaelewa nini, anaelewa mtu anakata roho, anakanyaga mafuta. Alafu mara nyingi tumeshakaa nusu saa nzima tukisubiri kibali cha mafuta na barua ya rufaa, sasa ile nusu saa wote tunataka irudi barabarani.

Kwa hiyo nenda dirishani kwake, ongea taratibu: "Kaka, huyu mguu umevunjika, tumefunga banzi, hali imetulia, king'ora hatukihitaji." Au: "Mzee wangu, huyu ana kifafa cha mimba, tuwahi ila asirushwerushwe." Mkubaliane na ishara kabisa maana king'ora kikilia hamsikilizani, mimi nagonga kioo mara mbili ni punguza, mara tatu ni simama. Funga mtungi, loki machela, ndugu afunge mkanda. Na piga simu unakoenda, wakikupokea mlangoni na damu iko tayari umeokoa muda mwingi kuliko huo wa kukimbiza gari.

Hatua ya 2: njiani toa namba na sababu, usigombe

Ukimwambia "mbona unaendesha kama kichaa" anakasirika na anaongeza, nimeliona hilo kwa macho yangu. Sema "nachoma sindano, shuka 40". Au "anatapika, nipe dakika mbili". Dereva mzuri anaheshimu kazi yako, na hata mbaya anaona aibu kukataa. Na we usije ukasema "kaza mwendo" alafu kesho ukamlalamikia.

King'ora ni ombi tu, sio kwamba barabara imekuwa yako. Mtu wa bodaboda kavaa helmeti na mziki masikioni hasikii, dereva wa lori kafunga vioo hasikii. Kwenye taa nyekundu asimame kabisa kwanza, aangalie pande zote, ndo aingie.

Hatua ya 3: ongeeni baadae, nyie wawili

Sio mbele ya ndugu wa mgonjwa, sio mkiwa bado mna moto. Mwache aoshe gari, anywe chai. Anza kwa kuuliza. Yule wa Dumila nilimuuliza "kaka, ulilala saa ngapi?" akaniambia "sista, ile ilikuwa safari ya tatu tangu jana yake asubuhi", mwenzie yuko likizo. Sasa hapo shida sio tabia yake peke yake, ni zamu, na hiyo mnaipeleka kwa mganga mfawidhi, yani mkuu wa kituo, mkiwa wote wawili.

Akisema "mi nawahi kuokoa maisha" mpigie hesabu bila kelele: kilomita 60 kwa spidi 100 ni dakika 36, kwa spidi 120 ni dakika 30. Dakika 6 tu, na hapo ni kama barabara ni nyeupe moja kwa moja, weka vijiji, matuta na punda hata hizo 6 huzioni. Wakati huohuo spidi ikitoka 60 ikafika 120, umbali ambao gari linaburuza kwenye breki mpaka lisimame unakuwa mara nne, sio mara mbili. Na ambulensi nyingi zetu ni Land Cruiser, gari refu la kwenda juu, kona haliipendi.

Hatua ya 4: akirudia, andika

"Anaendesha vibaya" haimsaidii mtu. Andika tarehe, saa, sehemu, alifanya nini, ulimwambia nini, mgonjwa alipata nini. Kitabu cha safari cha gari kina kilomita na saa ya kutoka na kufika, gawanya tu spidi ya wastani itajisema. Peleka kwa mfawidhi, matroni (mkuu wa manesi) ajue, baki na kopi yako. Video na mgonjwa ndani kwenye grupu la WhatsApp usithubutu.

Ananuka pombe?

Hapo hatua hizo zote sahau, hupandi. Piga simu kwa mfawidhi, na kama ni mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au kichanga piga 115 ya m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura wa kina mama na vichanga, ni bure, wakutafutie usafiri mwingine. Mi nilishakataa mara moja, saa 8 usiku, ndugu wanalia wananiita muuaji. Nikaendelea na dripu, presha kila dakika 15, dereva mwingine akaamshwa kwake, tukatoka saa 9 na robo. Mume wa mgonjwa hakuniongelesha njia nzima.