Namna ya kujitayarisha ukiwa Mombasa kwa safari ya kuupanda mlima wa Stelvio kwa baiskeli

Kipito cha Stelvio, yaani mahali pa juu ambapo barabara huvuka milima ya Alps, kilichoko kaskazini mwa Italia karibu na mpaka wa Uswisi, kiko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na barabara yake, iliyokamilishwa mwaka 1825, ndiyo ambayo waendesha baiskeli wengi duniani hutamani kuipanda angalau mara moja maishani. Ukianzia Bormio utapanda kilomita 21.5; ukianzia mji mdogo wa Prato utapanda kilomita 24.3, kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 7.4. Mimi humshauri kila anayeniuliza aanzie Prato, kwa kuwa upande huo ndio wenye zile kona kali 48 zilizopewa nambari, na ndiko Mwitaliano Fausto Coppi alikomwacha Mswisi Hugo Koblet mwaka 1953, akamvua shati la waridi, linalovaliwa na anayeongoza, katika Giro, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuzunguka Italia.

Kwetu Mombasa tatizo si miguu dhaifu. Anayevuka daraja la Nyali hujikaza kwa dakika moja au mbili, kisha hupata mteremko wa kuvutia pumzi, na mwili wake huzoea kujikaza na kupumzika, kujikaza na kupumzika. Stelvio haikupi nafasi hiyo. Mtu wa kawaida huchukua saa mbili na nusu au tatu akipiga pedeli bila kukoma, kwa hiyo kinachotakiwa kufundishwa ni uwezo wa kusukuma kwa nguvu ileile, kwa muda mrefu, bila kuharakisha.

Mwalimu wa kwanza wa jambo hilo tunaye bure, naye ni upepo. Kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba pepo za kusi huvuma, na atakayetoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri akaenda hadi Kilifi, mwendo wa kilomita zipatazo 60, ataupokea upepo usoni wakati wa kurudi. Upepo wa mbele unafanana na mlima kwa namna moja muhimu: ukiacha kusukuma, baiskeli inasimama. Rudi kwa gia nyepesi, kwa kasi ambayo bado unaweza kuzungumza sentensi nzima, na usishawishike kumfukuza anayekupita.

Mwalimu wa pili ni barabara ya Kwale. Vuka kivuko cha Likoni mapema kabla jua halijawa kali, nenda hadi Kombani, kisha ukate kulia kupanda hadi mji wa Kwale, ulio karibu mita 400 juu ya bahari. Kutoka Prato hadi kileleni ni mwinuko wa mita 1,808, hivyo hata ukiipanda Kwale mara nne siku moja hutaufikia. Lakini atakayeipanda mara tatu kila wiki ya pili, kwa miezi mitatu, atakuwa amejifunza mengi kuhusu namna ya kugawa nguvu zake. Mwezi wa mwisho, tenga siku mbili uende Taita, upande barabara ya Mwatate hadi Wundanyi, penye kona za kweli na baridi ya asubuhi. Hapo ndipo utakapojua kama umejitayarisha.

Sasa nifike kwenye gia, maana hapa ndipo watu wengi wanapojiharibia safari. Baiskeli nyingi za mashindano zinazouzwa kwetu zikiwa zimetumika huwa na gia ndogo ya mbele yenye meno 39 na kubwa ya nyuma yenye meno 25. Ukipanda kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa na gia hiyo, miguu itazunguka mara 51 tu kwa dakika, na kila mzunguko utabebwa na magoti. Kwa meno 34 mbele na 28 nyuma utazungusha mara 65. Kwa 34 na 34, mara 79, na hapo kazi inahamia kwenye moyo na mapafu, ambavyo havichoki haraka kama misuli ya paja. Mwombe fundi akuwekee 34 kwa 34, na kwanza amuulize muuzaji kama kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kinaweza kubeba gia kubwa kiasi hicho. Pesa utakazotumia hapa zina faida kuliko za gurudumu jepesi.

Kipito hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo panga safari kati ya Juni na Septemba. Omba viza mapema.

Siku yenyewe, anza saa kumi na mbili asubuhi kabla ya pikipiki na magari kujaa. Kutoka Prato barabara hufuata mto hadi kijiji cha Gomagoi, na mwinuko mdogo wa hapo hukudanganya uende haraka, usikubali. Kona zinahesabiwa kwa kushuka, kuanzia 48 chini hadi 1 juu. Baada ya kijiji cha Trafoi unapita msituni, kisha miti inakwisha na ukuta wote wa kona unaonekana mbele yako hadi kileleni. Kula kabla ya njaa: tende mbili au tatu kila nusu saa zinatosha, na hazigandi kwa baridi kama chokoleti. Juu kabisa kanieneo ya hewa ni kama asilimia 72 ya ile ya Mombasa, hivyo kilomita sita za mwisho punguza mwendo hata kama miguu inataka zaidi.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000, na theluji yaweza kuanguka hata mwezi wa Julai. Beba koti lisilopitisha upepo na glavu za vidole vyote, na ufanye kama waendesha baiskeli wa mashindano wa zamani: tia gazeti kifuani chini ya shati kabla ya kushuka. Wakati wa kushuka, funga breki kwa nguvu kabla ya kona, kisha uiachie. Ukiishikilia mfululizo rimu hupata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Na kwa kuwa Italia huendesha upande wa kulia, mazoea yetu ya kushika kushoto yatakuvuta kwenye njia ya gari linalopanda kila utakapotoka kwenye kona umechoka. Kabla ya kuachia breki pale juu, jiambie kwa sauti: kulia.