Jozi za elektroni: anza na matriksi ya sita kwa sita

Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho hunijia wakitaka kurukia programu kubwa za kukokotoa nishati ya elektroni nyingi zinazojipanga jozi jozi, kama kwenye vipitishi-umeme visivyo na ukinzani. Huwa nawarudisha kwenye ngazi nne tu za nishati. Kosa la hapo hata kompyuta kubwa italirudia, tena chapuchapu.

Chukua ngazi za nishati 0, 1, 2 na 3. Kila moja hubeba elektroni mbili, spini moja juu, nyingine chini. Tia jozi mbili. Mvutano wa nguvu g huhamisha jozi nzima bila kuivunja, kwa hiyo hali zenye elektroni pweke ziache kando. Zinabaki hali sita, yaani njia sita za kuweka jozi mbili kwenye ngazi nne; ndizo mistari na safu sita za matriksi, jedwali letu la namba.

Andika kila hali kwa namba za mfumo wa mbili: 0011 ni ngazi mbili za chini zimejaa. Kwenye ulalo wa matriksi (pale hali inapokutana na yenyewe), jumlisha ngazi zilizojaa, zidisha kwa 2, toa 2g. Kwa 0011 utapata 2 − 2g. Kwa 1100, 10 − 2g. Hiyo −2g ndiyo watu huisahau: jozi inayotoka kwenye ngazi yake na kurudi papo hapo nayo huhesabiwa. Nje ya ulalo weka −g ikiwa jozi moja tu imehama. Zikihama zote mbili, sufuri.

Sasa jaribio ambalo siruhusu mtu alipite. Shusha ngazi zote ziwe sufuri. Kila mstari una −2g moja na −g nne, basi nishati ya chini kabisa (thamani-eigeni ndogo kuliko zote ya matriksi) lazima iwe −6g. Ukipata tofauti, usiendelee.

Rudisha ngazi, weka g = 0.1. Ukitoa 2 − 2g kwenye nishati ya chini kabisa uliyoipata, inabaki karibu −0.0123. Nadharia ya BCS ya 1957 (ya Bardeen, Cooper na Schrieffer, inayoeleza upitishaji umeme bila ukinzani), katika umbo lake la kawaida, hapa inakupa sufuri: pengo lake (nishati inayozuia jozi kuvunjika) halifunguki mpaka g ipite 0.375. BCS huacha idadi ya jozi iyumbe. Kwa waya wa kilo nzima si neno. Kwa chembe yenye elektroni chache ni balaa.

Kukua ni suala la kumbukumbu. Ngazi 20 na jozi 10 ni hali 184,756. Matriksi nzima ingekula GB 273 hivi, lakini kila mstari una namba 101 tu zisizo sufuri. Hifadhi hizo, tumia mbinu ya Lanczos, inayosaka nishati ya chini kwa kuzidisha matriksi na vekta tu, na laptopu itatosha. Ngazi 40 na jozi 20? Vekta moja tu (namba moja kwa kila hali) ni TB 1.1.

Hapo, kama mvutano ni sawa kwa jozi zote, tumia milinganyo ya Richardson ya 1963: unatafuta nishati 20 za jozi, basi. Kama si sawa, nenda DMRG ya White ya 1992, mbinu inayobakiza hali zenye uzito tu. Kwa Richardson, anza na g ndogo uipandishe kidogo kidogo, kila jibu likiwa kianzio cha linalofuata. Nishati mbili za jozi zikikutana kwenye ngazi (mara mbili ya thamani yake), hugeuka namba changamano na mbinu ya Newton, inayosaka jibu la milinganyo kwa kukadiria hatua kwa hatua, hupotea. Punguza hatua kabla hujafika hapo.