SOMO: Kushirikiana na taasisi ya umma kwa fedha za mfadhili bila kukwama kwenye "hakuna kifungu"

Swali ni lile lile kila wiki: asasi yetu imepata mfadhili wa masuala ya uwazi, anataka tufanye kazi na taasisi ya umma, tuanzie wapi? Nimelijibu kwa simu, nimelijibu kwa baruapepe, na juzi nimelijibu nikiwa msibani. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Hatua ya 1. Chagua jambo moja linaloonekana. "Kukuza uwazi na uwajibikaji" si jambo. "Orodha ya mikataba na malipo yake itolewe kila robo mwaka" ni jambo.

Hatua ya 2. Tafuta ahadi iliyokwisha kutolewa. Kama nchi yenu imo kwenye Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi (OGP), ulioanzishwa mwaka 2011 na nchi 8, basi kuna mpango kazi wenye ahadi, na kuna tathmini huru ya utekelezaji wake. Chukua ahadi iliyolegalega, jenga andiko lako la kuomba fedha juu yake. Afisa hatakuuliza "hili mmelitoa wapi?" wakati serikali yake ndiyo iliyoliahidi. Kama nchi haimo, shika zile nyaraka 8 za bajeti zinazopimwa na Open Budget Survey, utafiti wa kimataifa wa uwazi wa bajeti, kuanzia taarifa ya awali ya bajeti hadi ripoti ya ukaguzi, uone ipi haiwafikii wananchi. Pengine imeshaandikwa na imelala kabatini.

Hatua ya 3. Kaa na anayeifanya kazi yenyewe kabla ya kuandika bajeti. Mwombe akuonyeshe faili linavyotembea. Mahali fulani tulikuta jedwali la malipo limekaa vizuri kwenye kompyuta ya karani. Linachapishwa, linasainiwa, linagongwa muhuri, kisha linapigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti, kurasa zimelala ubavu. Hakuna mwananchi aliyeweza kujumlisha safu hata moja. Dawa ilikuwa barua ya ukurasa mmoja ya kuruhusu jedwali lenyewe liambatanishwe. Mradi wetu ulikuwa umetenga fedha za kununua mfumo mzima.

Hatua ya 4. Makubaliano yawe na ofisi, na kifungu, yaani mstari wa fedha uliopitishwa kwa kazi hiyo, kiwepo kwenye bajeti yao. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo someni taratibu.

Tulipata ruzuku ya miezi 18 ya kujenga tovuti ya matumizi ya taasisi moja. Mkuu wake alikuwa mtu wa watu na aliiamini kazi ile. Aliahidi maofisa wawili na gharama za kuitunza tovuti. Tukapeana mikono. Hati ikaandikwa kwa jina lake, cheo hakikutajwa. Mimi, kwa hofu ya kuipoteza ruzuku, nikatangulia kusaini mkataba wa mfadhili. Fedha zikaingia mwezi wa tatu wa mwaka wao wa fedha, bajeti ikiwa imeshapita. Nilipokwenda kuwadai wale maofisa, mhasibu alifungua kitabu cha bajeti, akashusha kidole kwenye ukurasa mstari kwa mstari mpaka chini, akaniambia, "Mama, hakuna kifungu." Hakuwa na ubaya na mimi. Hawezi kulipia kitu ambacho hakikupitishwa. Miezi michache baadaye mkuu akahamishwa. Aliyemrithi alinikaribisha vizuri, akasoma hati, akauliza hayo makubaliano yanaihusu vipi ofisi yake. Sikuwa na jibu. Tovuti ikabaki na takwimu za robo mwaka moja. Bakaa tuliirudisha kwa mfadhili, na vijana wawili niliowaajiri ikabidi niwaachishe kazi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo: hati isainiwe na afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za taasisi, kwa cheo. Itaje cheo cha anayetoa takwimu, tarehe ya kuzitoa na muundo wake. Iseme itakuwaje mkuu akihama au ruzuku ikikatika. Omba kalenda yao ya bajeti kabla hujaandika tarehe ya kuanza mradi. Kama makadirio yameshafungwa, mwambie mfadhili ukweli, mwaka wa kwanza ubebwe na ruzuku na wa pili uingie kwenye makadirio yao. Hata kiasi kidogo kinatosha. Kifungu kikishakuwepo, mwakani kitaombewa tena bila wewe kusukuma. Na usisaini kwa mfadhili kabla ya taasisi kusaini. TAFADHALI.

Hatua ya 5. Fedha nyingi ziende kwa watu na matunzo, kidogo kwenye uzinduzi.

Hatua ya 6. Chapisha bajeti ya mradi wenu kabla hujadai ya mwenzako.

Hatua ya 7. Marejesho, yaani kutoa hesabu ya fedha zilizotumika, yafanyike kila mwezi, stakabadhi zikiwa bado zinasomeka.

Maswali karibuni.

---

Mtumishi88: Somo zuri. Naomba unitumie sampuli ya andiko nibadilishe jina tu.

Mwandishi: Sina, na ningekuwa nayo nisingetuma. Anza na Hatua ya 1.

Kibatari: Je, mkuu wa taasisi akikubali kwa mdomo mbele ya mashahidi haitoshi?

Mwandishi: Hatua ya 4. Yote.

NuruYaKata: Shikamoo dada. Jambo linalonisumbua: tukishapokea fedha za kufanya kazi na taasisi, bado tutaweza kuikosoa? Wenzetu wameanza kutuita wasemaji wao.

Mwandishi: Marahaba. Swali hili ningependa kila mtu aliulize kabla ya kusaini. Tenganisha mambo matatu. Kwanza, anayewalipa asiwe yule mnayemfuatilia; fedha zikitoka kwenye akaunti ya taasisi hiyo, ninyi ni wakandarasi wake, na wananchi wana haki ya kuwaona hivyo. Pili, hati iseme wazi kwamba asasi itachapisha matokeo bila kuomba idhini, ila taasisi itapewa nakala mapema, tuseme siku 14, irekebishe makosa ya takwimu na jibu lake lichapishwe pamoja. Tumefanya hivyo na imetuokoa: mara mbili walituonyesha kwamba sisi ndio tuliojumlisha vibaya. Tatu, kama uwezo upo, anayejenga mfumo asiwe yule anayeandika tathmini. Hata kwenye OGP, kamati ya uongozi ina wajumbe 22, nusu serikali na nusu asasi, na tathmini ina chombo chake chenye kujitegemea. Usawa huo haukuja kwa bahati, uliwekwa kwenye kanuni. Na ninyi uwekeni kwenye zenu.

NuruYaKata: Ahsante sana dada. Hilo la siku 14 naenda nalo kikaoni.

Mchambuzi_Huru: Mbona hujagusa posho? Kila mtu anajua bila posho hakuna afisa atakayekuja. Mnatupa nadharia.

Mwandishi: Nadharia haikuwaachisha kazi wale vijana. Msimamo wangu ni huu: simlipi mtumishi wa umma kufanya kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Nauli na chakula cha kikao nalipa, kwa viwango vya taasisi yake yenyewe, na orodha ya waliolipwa inawekwa hadharani pamoja na bajeti. Wapo waliokataa kuja. Waliokuja walibaki, na wawili kati yao ndio waliotuandikia aya ya kifungu kwenye makadirio.

Mchambuzi_Huru: Sawa, nimekuelewa. Na kama hakuna mfadhili kabisa?

Mwandishi: Hapo umenigusa, maana watu wamefanya makubwa bila ruzuku. Rajasthan, India, chama cha wakulima na vibarua, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, kilianza mwaka 1990 na hakipokei fedha za taasisi za ufadhili, kinaishi kwa michango ya watu. Kuanzia 1994 walifanya mikutano ya hadhara vijijini, wakasoma kwa sauti orodha za malipo ya kazi za umma. Mtu anasikia jina lake kwamba alilipwa siku kadhaa, anasimama na kusema sikufika pale hata siku moja. Vuguvugu hilo lilikuwa miongoni mwa nguvu zilizozaa sheria ya haki ya kupata taarifa ya India mwaka 2005. Walichohitaji ni nakala ya orodha na ujasiri wa kuisoma. Kama hamna mfadhili, anzeni na ombi moja la maandishi la waraka mmoja.

Fundi_Takwimu: Mfumo ukishajengwa, umiliki uwe wa nani? Sisi tunao kwenye seva yetu na tunaogopa kuukabidhi.

Mwandishi: Hofu yako naielewa, lakini panga siku ya kukabidhi tangu mwanzo. Tazama ProZorro ya Ukraine, mfumo wa manunuzi ya umma. Ulianzishwa na wanaharakati waliojitolea mwaka 2014, Transparency International Ukraine, asasi ya kupambana na rushwa, ikausimamia wakati unakua, kisha ukakabidhiwa kwa shirika la serikali, na mwaka 2016 matumizi yake yakawa lazima kwa manunuzi ya umma. Asasi haikuondoka, ikafungua DOZORRO ya kufuatilia zabuni. Na mfumo una ada wanazolipa wazabuni, kwa hiyo hautegemei mfadhili kuamka vizuri. Wewe kabidhi mfumo, baki na nakala ya takwimu na haki ya kuzitumia. Viandikwe vyote viwili.

Fundi_Takwimu: Tumeelewana. Nyongeza kwa wengine: jina la faili lianze na mwaka, mwezi, kisha idara. Tulipoteza wiki nzima tukitafuta "ripoti mpya ya mwisho kabisa".

Mwandishi: Hiyo naiongeza kwenye Hatua ya 3, ahsante. Na muhtasari wa kikao je, mnautuma lini?

Fundi_Takwimu: Jioni ile ile. Tunaandika "kama hakuna marekebisho ndani ya siku 5, huu ndio muhtasari". Tangu tuanze hivyo, hakuna aliyewahi kutuambia hatukukubaliana hivyo.

Kibatari: Nimeirudia Hatua ya 4 yote. Mkuu wetu anastaafu mwezi ujao. Niombe hati isainiwe wiki hii au nimsubiri mpya?

Mwandishi: Wiki hii, kwa cheo, nakala kwa mhasibu. Na siku mkuu mpya akiingia uwe umeshaomba miadi.