SOMO: Jinsi ya kulinganisha baiskeli za milimani za zamani

Wakuu, kila mara naulizwa ipi bora kati ya baiskeli fulani mbili za zamani, na jibu langu halibadiliki: zipime. Jina lililobandikwa kwenye bomba halikwambii breki inashika vipi. Naandika mara moja, tuelekezane hapa.

1. Jaza upepo sawa kwenye zote.

2. Weka rula ubavuni mwa ringi. Ukiona mwanga katikati, ringi imelika na raba za breki. Usiteremke nayo mlima.

3. Tambua breki. Hapa tulia. Breki za kantileva zina mikono mifupi inayobana ringi, na waya mkuu unashuka katikati kuvuta waya mdogo unaoiunganisha. Breki za V, zilizoletwa na Shimano mwaka 1996, zina mikono mirefu iliyosimama na waya unaingilia ubavuni. V huvuta waya mrefu zaidi, kwa hiyo kila aina ina mkono wake wa kubana kwenye usukani, na baiskeli nyingi kuukuu zimechanganywa. Kantileva kwenye mkono wa V: unabana, mkono mgumu, gurudumu halisimami. V kwenye mkono wa kantileva: mkono unazama mpaka kwenye usukani, na ukisogeza raba karibu na ringi, breki inakaba ghafla. Msiseme breki za zamani ni dhaifu kabla hamjaangalia hili.

ONYO: waya mkuu wa kantileva ya mbele ukikatika, ule mdogo unadondokea tairi, unanasa kwenye meno yake, gurudumu linakwama na wewe unarushwa mbele. Lazima pawe na kizuizi juu ya tairi, hata kibati cha rifleta kinatosha.

4. Pima pembe ya shingo ya fremu (bomba la mbele ambamo usukani unazungukia) kwa programu ya simu. Geuza baiskeli itazame upande wa pili, pima tena palepale, chukua wastani. Sakafu nyingi zimeinama. Za miaka ya 1990 nyingi ziko karibu na digrii 71: zinakata kona haraka na kupanda vizuri, ila kwenye mteremko mkali zinakusukuma mbele.

5. Angalia foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele. Foku ya springi iliyo ndefu kuliko ya awali hunyanyua mbele. Kila milimita 20 hulaza shingo kwa takriban digrii 1. Hapo tabia unayoihukumu siyo ya fremu.

6. Andika urefu wa stemu (kipande kinachoshikilia usukani kwenye foku) na upana wa usukani.

7. Endesha zote njia ileile.

MASWALI

— Mkuu, kwa kifupi ipi nzuri?
Soma hatua ya 3 na ya 4.

— Nina picha tu za upande mmoja, nichukue ipi?
Bila vipimo sina jibu. Omba picha ya karibu ya breki na mikono ya kubana kwenye usukani, urudi.

— Kantileva zangu zinaendana na mkono lakini bado hazishiki. Waya mdogo unahusika?
Sana, na nashukuru umeuliza. Kiungo cha katikati, panapokutana waya mkuu na mdogo, kikishuka karibu na tairi, nguvu inaongezeka, hasa kama mikono ya breki imesimama. Mkono wa kwenye usukani utalegea kidogo, hiyo ni kawaida. Acha tu nafasi tairi lisiguse. Pia kwangua raba kwa msasa, zikizeeka huwa ngumu. Ikipiga kelele, funga raba ili ncha yake ya mbele itangulie kugusa ringi.

— Nikiweka stemu fupi itakuwa kama za kisasa?
Haitakuwa. Fremu hizo ni fupi, utabanwa, na mlimani gurudumu la mbele litanyanyuka. Punguza milimita 20 au 30, ongeza upana wa usukani, uone.

— Mchango: za mwisho wa miaka ya 1980, chungulieni chini nyuma ya pedeli. Nyingine breki ya nyuma imefichwa huko na inajaa tope.
Kweli kabisa. Na ukiwa umeinama, jaribu kuchomoa bomba la siti. Likiwa limeganda ndani ya fremu, hutaweza kurekebisha urefu wa siti, na kulitoa ni kazi ngumu.