Bilauri ya Udongo: Pudingi ya Matabaka ya Kupika na Watoto

Pudingi hii hujengwa ndani ya bilauri ya kioo ili mtoto aone kwa ubavuni kile ambacho shimo refu hufunua ardhini. Chini kabisa ni mwamba, juu yake udongo wa chini wa kahawia hafifu, kisha udongo mweusi wenye mboji, na juu kabisa majani makavu na nyasi. Nyungunyungu waliofinyangwa kwa tende hulala ndani ya tabaka jeusi. Mpangilio huu usibadilishwe kwa ajili ya urembo. Tabaka jeusi likiwekwa chini, mtoto atakula kitu kitamu lakini atakuwa amejifunza udongo kichwa chini, miguu juu.

Vipimo vya bilauri 6 zenye ujazo wa mililita 300 hivi. Mitungi ya jamu iliyooshwa vizuri inafaa kuliko vikombe vya plastiki vya kutupa, na kioo chake huonyesha matabaka vizuri zaidi.

Kwa mwamba:
- biskuti za kawaida gramu 100
- chokoleti nyeusi gramu 60

Kwa pudingi:
- maziwa yenye mafuta yake yote, lita 1, na vijiko vya chakula 4 vya ziada
- konflawa gramu 80 (vijiko vya chakula 10 vilivyosawazishwa)
- sukari gramu 120, na kijiko cha chakula 1 cha ziada
- chumvi kidogo ya kubana kwa vidole
- vanila kijiko cha chai 1
- kakao isiyo na sukari: kijiko cha chai 1 kwa udongo wa chini, vijiko vya chakula 3 kwa udongo wa juu
- siagi kidogo

Kwa juu:
- biskuti nyeusi za kakao gramu 120
- tende laini 9
- nazi kavu iliyokunwa, vijiko vya chakula 3
- majani machache ya mchicha, na majani ya mnanaa

Konflawa inayotakiwa ni ule wanga mweupe laini wa mahindi, unaolia kama theluji ukiubana kwa vidole. Unga wa mahindi uliosagwa wa kawaida utaleta uji.

Anza na nyungunyungu, kwa sababu kazi yao haina moto na huwatuliza watoto. Toa kokwa, ponda tende kwa uma mpaka ziwe donge, kisha kila mtoto apake mafuta kidogo viganjani na kuviringisha vipande vyembamba vya urefu wa kidole chake. Tende zikiwa kavu, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10 na uzikaushe vizuri, la sivyo donge litanata na kukataa umbo. Kwa upande butu wa kisu, mtoto achore vipingili mwili mzima. Nyungunyungu mkubwa ana mkanda mnene upande wa karibu na kichwa, kwa hiyo zungusha kipande kidogo cha tende hapo. Watoto hupenda kujua kwamba mnyama huyu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi yake yenye unyevu, ndiyo maana jua kali humuua upesi.

Pipi laini za jelatini zenye umbo la mnyoo zinaweza kuchukua nafasi ya tende. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, kwa hiyo soma kifungashio kama nyumbani kwenu kuna miiko ya chakula. Mtoto wa chini ya miaka 5 akatiwe vipande vidogo, kwa maana pipi hizo ni rahisi kumkaba.

Nyasi nazo zitengenezwe mapema. Ponda mchicha na kijiko cha maji, kamua ndani ya kitambaa safi, changanya vijiko vya chai 2 vya maji hayo ya kijani na nazi, kisha itandaze kwenye sahani ikauke kwa nusu saa. Ladha ya mchicha haisikiki. Nazi ikibaki na maji mengi, itavujisha kijani kwenye pudingi.

Sasa mwamba. Vunja biskuti za kawaida ziwe vipande vya ukubwa wa harage. Yeyusha chokoleti kwenye bakuli lililokalia sufuria ya maji ya moto, geuza vipande humo mpaka vyote vipakwe, kisha gawa kwenye bilauri. Usivibane. Mafuta ya chokoleti huzuia maji ya pudingi yasiingie kwenye biskuti, ndiyo siri ya mwamba kubaki mgumu mpaka kesho yake. Biskuti tupu zingekuwa tope ndani ya saa moja. Angalia tu bakuli lisiingie hata tone la maji, kwani chokoleti iliyoguswa na maji hugeuka donge la mchanga.

Kisha pudingi yenyewe, na hapa ndipo mambo huharibika. Weka mililita 200 za maziwa baridi kwenye bakuli na mwachie mtoto akoroge konflawa humo mpaka lisibaki donge hata moja. Maziwa lazima yawe baridi. Wanga ukikutana na maziwa ya moto, ganda la nje la kila donge huvimba na kufunga unga mkavu ndani, na donge hilo halitayeyuka tena hata ukikoroga mpaka jioni. Maziwa yaliyobaki, sukari, chumvi na vanila viende kwenye sufuria yenye kitako kinene, moto wa wastani.

Maziwa yakianza kutoa mvuke na vipovu pembeni, koroga tena bakuli la konflawa, kwa sababu wanga huwa umeshazama chini, kisha mimina taratibu huku ukikoroga sufuria kwa mchapo wa waya. Pita pembeni na kitakoni kwa mwiko bila kupumzika. Pudingi itaanza kuwa nzito ghafla. Wengi huizima hapo, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Iache ichemke, ipasue mapovu mazito, dakika 1 hadi 2 zaidi, huku ukikoroga. Wanga usioiva vizuri huacha ladha ya unga mdomoni, na pudingi haitashika inavyopaswa. Ikiungua chini, usikwangue. Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, na harufu ya moto itabaki kule.

Hatua hii ni ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 8 na kuendelea anaweza kushika mwiko akiwa amesimama imara, na wewe pembeni yake. Pudingi ya moto hunata kwenye ngozi na kuunguza zaidi ya maji. Ikimrukia mtu, sehemu hiyo iwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila siagi wala dawa ya meno.

Kuonja kuna kanuni moja: kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi sufuriani. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kiasi kidogo tu huweza kuifanya pudingi nzima kuwa maji baada ya saa chache. Mwambie mtoto sababu hiyo, maana ataishika kuliko katazo tupu.

Gawa pudingi nusu kwa nusu. Kijiko kidogo cha kakao kivurugwe kwanza na vijiko viwili vya pudingi ya moto, kisha kiingie kwenye nusu ya kwanza. Kwa nusu ya pili, changanya vijiko vile 3 vya kakao na sukari ya ziada vikiwa vikavu, ongeza vijiko vya chakula 4 vya maziwa ya moto, vuruga mpaka laini, ndipo umimine. Sukari hutenganisha chembe za kakao zisishikane. Nusu ya pili ifunikwe, lakini kwanza pitisha kipande cha siagi juu yake ingali moto ili isifanye ngozi. Njia hii inaondoa haja ya karatasi ya plastiki.

Mimina pudingi hafifu juu ya mwamba ingali ya moto kiasi, ijaze theluthi ya bilauri, na uweke kwenye friji dakika 25. Kama hakuna friji, tumia beseni la maji baridi na ubadilishe maji mara mbili. Tabaka liko tayari linapokataa kutikisika ukiinamisha bilauri kidogo. Wakati huo pudingi nyeusi iwe vuguvugu, yaani unaweza kuweka kiganja kwenye sufuria bila kukiondoa. Ikiwa ya moto itayeyusha ya chini na utapata rangi moja yenye mawimbi. Ikiwa baridi kabisa itaanguka kwa mabonge na kuacha mifuko ya hewa kwenye kioo. Imimine juu ya mgongo wa kijiko, si moja kwa moja. Sukuma nyungunyungu mmoja kati ya pudingi na kioo ili aonekane kwa nje. Wa pili atapanda juu baadaye.

Ukitaka kilima, egemeza bilauri kwa mshazari kwenye trei ya mayai kabla ya tabaka la kwanza kuganda, kisha isimamishe kwa la pili.

Bilauri zirudi kwenye baridi saa 2. Muda huo ni wa kuponda biskuti nyeusi ndani ya kitambaa kilichofungwa, kazi ya mtoto wa miaka 3. Acha zingine ziwe vumbi na zingine chenga, kwa kuwa ardhi ya kweli haina chembe za ukubwa mmoja. Chukua kiasi kidogo mfanye jaribio. Tengeneza vilima viwili vya vumbi kwenye sahani iliyoinamishwa, kimoja kifunike kwa majani ya mnanaa yaliyobanwa vizuri, kisha mwaga kijiko kimoja cha maji juu ya kila kilima. Kilima tupu hukatika na kuteremka. Huo ndio mmomonyoko, na sentimita chache za udongo wa kweli huchukua mamia ya miaka kujengeka. Kwa walimu, shughuli hii inakaa vizuri tarehe 5 Desemba, Siku ya Udongo Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliiadhimisha rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2014.

Vumbi la biskuti liwekwe dakika chache kabla ya kula, kwa maana baada ya nusu saa huanza kulowa. Juu yake nazi ya kijani, mnanaa na nyungunyungu anayechungulia. Usipambe kwa majani au maua ya bustanini usiyojua kama yanaliwa. Na mwambie mtoto waziwazi kwamba udongo wa nje hauliwi, kwani una mayai ya minyoo na vijidudu.

Pudingi hukaa siku 2 kwenye friji, bila vumbi la juu. Usiigandishe: wanga huachia maji na kuwa kama sifongo. Sufuria ikombwe kwanza na watoto, kisha iloweke maji baridi. Ya moto hugandisha maziwa na wanga kitakoni.