Chomoa ikifika 80

Ukiwa safari ndefu na SUV ya umeme, usingoje betri ijae pomoni. Ikigonga asilimia 80 hivi, chomoa waya uondoke. Chaja ya kasi humimina umeme mwingi betri ikiwa karibu tupu, kisha gari lenyewe huupunguza ili seli zisiumie. Tazama kilowati kwenye skrini: zinaanza juu, zinashuka taratibu, na ukipita 80 zinaporomoka. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda karibu sawa na zote ulizotangulia kujaza, na nyuma yako kuna mtu anasubiri. Kusimama mara mbili kwa muda mfupi mara nyingi hukuwahisha zaidi.

Kingine, ambacho wengi hawakitumii: kituo cha kuchajia kiweke kwenye ramani ya gari, si ya simu. Magari mengi ya sasa yakijua yanaelekea kwenye chaja ya kasi huanza kuiandaa betri njiani, yaani kuipa joto linalofaa. Betri ya baridi hupokea umeme kwa kusuasua, hata chaja iwe na nguvu vipi.

Nyumbani chaji polepole usiku, kikomo kama kitabu cha gari kinavyosema. Betri za LFP (aina ya betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti) kwa kawaida hutakiwa kujazwa hadi 100 mara kwa mara.

Halafu mwendo. SUV ina kimo, inabishana sana na upepo. Ukishuka kutoka kilomita 120 kwa saa hadi 100, upinzani wa hewa hupungua karibu theluthi.